Muhula Huu Ni Mali ya Nani?

Mjadala wa baraza moja la Kirumba, Mwanza

Kila jioni baada ya swala ya magharibi, wakati ziwa linapoivua rangi ya shaba na kuvaa rangi ya wino, watu wa mtaa mmoja wa Kirumba, usio mbali na soko la samaki la Mwaloni, wana ada ya kukutana barazani kwa karani mstaafu wa mahakama, mzee wa Kisukuma ambaye kwa miaka mingi alipokea majalada dirishani na kuyagonga mhuri wa tarehe, hata akajionea kwa macho yake kwamba mhuri ule mdogo wa mpira, ambao namba zake huzungushwa kwa kidole gumba kila asubuhi, umewaangusha watu wengi kuliko kalamu za majaji.

Jioni niliyohudhuria mimi, wenye neno walikuwa wanne. Alikuwapo Karani mwenyewe, mwenye baraza. Alikuwapo Wakili, binti wa mtaa uleule, mwenye ofisi mjini. Alikuwapo Haji, mzee aliyetoka Pwani akiwa kijana, akafanya biashara ya kusafirisha minofu ya sangara kwa magari ya barafu, akatajirika, kisha akafilisika. Na alikuwapo Mama wa Mwaloni, mchuuzi wa dagaa, ambaye siku zile alikuwa akiidai kampuni moja iliyotiwa mikononi mwa mfilisi, na ambayo wenyewe, baada ya kushindwa Mahakama Kuu, walikuwa wamekimbilia Mahakama ya Rufani kuomba muhula. Nayaandika maneno yao kwa kadiri nilivyoyahifadhi.

KARANI: Hoja yetu ya leo ni hii. Mtu au kampuni ikishafilisiwa kwa amri ya mahakama, kisha ikaomba kwa Mahakama ya Rufani nafuu isiyo ya kawaida, ama zuio la utekelezaji, ama nyongeza ya muda uliokwisha kupita, ama marejeo, je, mlango huo uwe mpana au uwe mwembamba? Wakili msomi, tuonyeshe kwanza mlango wenyewe, tusije tukagombana juu ya nyumba tusiyoijua.

WAKILI: Shikamooni wazee wangu. Sheria yetu ya kumfilisi mtu binafsi, Sura ya 25, ni urithi wa mwaka 1930, zama za Waingereza. Kampuni hufilisiwa kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002. Katika zote mbili, amri ya mahakama ikishatoka, mali huondoka mkononi mwa mwenyewe na kuingia mkononi mwa mfilisi, ambaye aweza kuwa RITA, ile Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini; na wadai, badala ya kila mmoja kukimbilia lake, huingia foleni moja. Mwenye rehani husimama kando na rehani yake. Ujira na kodi hutangulizwa. Waliokopesha bila dhamana, kama Mama hapa, hugawana kinachosalia kwa uwiano wa madeni yao.

Asiyeridhika na amri hiyo ana siku 30 za kutoa notisi ya rufaa, na siku 60 baada ya notisi za kuileta rufaa yenyewe. Huo ndio mlango wa mbele. Lakini rufaa peke yake haisimamishi kitu, kwa hiyo mfilisi aweza kuuza injini na majokofu ilhali rufaa ingali mezani. Hapo ndipo watu hutafuta milango ya ubavuni. Wa kwanza ni zuio, chini ya Kanuni ya 11 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009: mwombaji aje ndani ya siku 14 tangu apate notisi ya utekelezaji, aonyeshe kwamba atapata hasara kubwa, na aweke dhamana. Wa pili ni nyongeza ya muda, chini ya Kanuni ya 10, kwa aliyechelewa lakini ana sababu njema. Wa tatu ni marejeo, ambapo Mahakama ya Rufani hulivuta jalada la Mahakama Kuu na kulikagua yenyewe. Upo na wa nne, mapitio, wa kuiomba Mahakama ya Rufani iitazame upya hukumu yake yenyewe, lakini huo ni tundu la sindano, na sheria imekusudia uwe hivyo.

KARANI: Haji, wewe ulikwisha kupita njia hiyo. Sema.

HAJI: Mimi nasema mlango uwe mpana, tena usiwe na kizingiti. Neno muflisi tulilirithi kwa Waarabu, na fikihi yao ilikuwa na mlango wa taflisi na hajri, yaani kadhi kumtangaza mtu kuwa amefilisika na kumzuia asiichezee mali iliyosalia. Lakini kabla ya kadhi kufika huko, Qur'ani, katika Sura ya Al-Baqara, imekwisha kumwagiza mdai amngoje mdaiwa aliye katika dhiki mpaka apate wasaa. Muhula ni haki ya kibinadamu, na umetangulia kanuni zote za mahakama.

Na msinidhanie kwamba kila muflisi ni mbadhirifu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Viktoria, kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Mtu aliyelala tajiri pale Igogo, magari yake mazima, vitabu vyake safi, aliamka hana mnunuzi. Sangara hakuwa amekosa, na mwenye gari hakuwa amekosa. Miezi michache baadaye soko likafunguliwa tena. Lau mtu huyo angefilisiwa katikati ya miezi ile, mali yake ikauzwa kwa bei ya chuma chakavu, angelipwa nani? Hata mdai angekula hasara, maana ng'ombe aliyechinjwa hakamwi. Uingereza yenyewe, iliyotuachia sheria hii, iliwahi kuwafunga watu kwa madeni hata ilipofika mwaka 1869 ndipo ikaiacha desturi hiyo kwa sehemu kubwa, baada ya kutambua kwamba mtu aliye gerezani hachumi cha kulipia.

MAMA WA MWALONI: Haji, maneno yako yana asali, na mimi sikatai kwamba dhiki ipo. Lakini nyinyi nyote mnahesabu siku kwa kalenda ya ukutani, mkitaja 14, na 30, na 60. Sisi wa dagaa tunahesabu kwa giza. Mwezi ukiwa mchanga au umekufa, mitumbwi hutoka na taa, dagaa wakaufuata mwanga, tukavuna. Mbalamwezi ikitoka, taa haina kazi, mitumbwi hulala mchangani, na sisi tunakula tulichovuna. Siku 14 za Kanuni yenu, kwangu mimi, ni giza moja zima.

Kampuni ile ilichukua magunia yangu kwa ahadi ya kulipa mwisho wa giza. Dagaa wale sikuwavua mimi. Niliwanunua kwa fedha za kikoba. Giza likaisha, nikaambiwa kampuni imefilisiwa. Nikasubiri. Nikaambiwa wamekata rufaa. Nikasubiri. Sasa naambiwa wameomba kusimamisha. Wao wana Kanuni ya 11. Kikoba hakina Kanuni ya 11. Jumamosi ikifika, akina mama wanakaa duara, sanduku linafunguliwa, jina langu linasomwa. Je, nikawaombe mama wenzangu zuio la utekelezaji?

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka.

WAKILI: Mama amelishika jambo pale linapouma, na pande zote mbili zina ushahidi katika shauri moja ambalo Watanzania wote wamelisikia. Mwaka 2002 kampuni ya VIP Engineering, iliyokuwa na asilimia 30 ya hisa za IPTL, wenye mitambo ya umeme ya Tegeta, iliomba Mahakama Kuu iifilisi IPTL. Mwaka 2008 akawekwa mfilisi wa muda. Julai 2011 Mahakama Kuu ikaiweka kampuni mikononi mwa mfilisi. Desemba 2012 Mahakama ya Rufani, kwa njia ya marejeo, ikautengua uamuzi huo. Septemba 2013 maombi yenyewe yakaondolewa mahakamani kwa idhini ya Mahakama Kuu, na yaliyofuata kuhusu fedha za akaunti ya Escrow yakalifikia Bunge mwaka 2014.

HAJI: Umeona! Kama marejeo yasingekuwapo, kosa la mwaka 2011 lingebaki limekaa kama jiwe la Bismarck pale majini, kila mtu akiliona na hakuna wa kulisukuma.

MAMA WA MWALONI: Na mimi nahesabu vingine. Toka 2002 hadi 2013 ni miaka kumi na moja. Wakubwa wale walikuwa na mawakili, walikuwa na benki nyuma yao, waliweza kungoja. Katika miaka kumi na moja mtoto wangu anaanza darasa la kwanza na kufika sekondari. Mlango ukiwa mpana, wanaoupita ni wenye viatu vya kutembelea safari ndefu.

KARANI: Niingie kidogo, maana mlango huu nimeulinda kwa mkono wangu. Kabla ya mwaka 1979 nchi hii haikuwa na Mahakama yake ya Rufani. Tulikuwa na moja ya pamoja ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 ikatubidi tujenge ya kwetu. Leo majaji wake huja na kuketi hapahapa Mwanza, na mtu wa Sengerema haimlazimu kuvuka nchi nzima. Hiyo ni neema.

Lakini nimeona pia ukali wa karatasi. Zilikuwapo zama ambapo ombi lilitupwa kwa kutaja kifungu kisicho chenyewe, au kwa kukosa hati moja katika rundo. Mtu anakuja na ombi lililo na kila kitu ila nakala moja ya amri, Mahakama inalifuta, naye anaanza upya huku muda umempita, sasa anahitaji ombi la kuongezewa muda ili alete ombi la zuio. Nilikuwa nikimtazama anavyoshuka ngazi. Katiba, Ibara ya 107A, ilikwisha kusema haki isifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Na mwaka 2018 Bunge likaiandika roho hiyo katika sheria ya Mahakama ya Rufani, kwamba lengo kuu ni kutenda haki upesi na kwa gharama nafuu. Tangu hapo mambo yamelegea, lakini saa haikuondolewa ukutani.

WAKILI: Na isiondolewe, Mzee wetu. Mahakama imekataa kwa makusudi kuifanya milango ya ubavuni kuwa barabara kuu. Katika shauri la Halais Pro-Chemie la mwaka 1996 ilisema wazi kwamba marejeo si badala ya rufaa: hupewa yule asiye na haki ya rufaa, au ambaye njia yake ya rufaa imezibwa na mahakama yenyewe, au mwenye mazingira ya pekee kabisa. Kisha mwaka 2002 sheria ikafunga rufaa juu ya amri ndogondogo za katikati ya shauri zisizolimaliza. Na juu ya kuongezewa muda, Mahakama hutaka maelezo ya kila siku ya ucheleweshaji, siku baada ya siku, kama mtu anavyohesabu shanga. Huo ndio wembamba, na una hekima yake, kwa kuwa katika ufilisi mali huyeyuka kama barafu ya Haji. Kenya, yenye sheria mpya tangu mwaka 2015 iliyokusudiwa kuziokoa kampuni badala ya kuzizika, iliiweka kampuni ya maduka ya Nakumatt chini ya msimamizi Januari 2018. Miaka miwili ikapita, na Januari 2020 wadai wenyewe wakapiga kura ifungwe. Muhula ulitolewa, lakini haukuzaa.

HAJI: Basi unataka nini, binti yangu? Mlango ukiwa mpana, Mama analia. Ukiwa mwembamba, mimi nalia. Na mkiufunga kabisa, mtakumbuka mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa kwa amri ya serikali, pamoja na vile vya ukanda huu wa pamba vilivyotokana na kazi ya akina Paul Bomani, na mali ikahamia kwenye mamlaka za mazao. Wakati ule mkulima hakuwa na siku 14 wala siku 30. Hakukuwa na dirisha la kugonga mhuri.

Hapo kukawa kimya kidogo. Mtoto akaleta kahawa. Kisha Mama wa Mwaloni akaweka kikombe chini na kusema neno ambalo, kwa rai yangu, ndilo lililougeuza mjadala.

MAMA WA MWALONI: Mimi nauliza swali moja la kijinga. Mahakama ikimpa mtu miezi sita, inaitoa wapi? Nikimpa mtu gunia, nimelitoa ghalani mwangu. Benki ikimpa mtu fedha, imezitoa kwenye sanduku lake. Mahakama haina ghala la miezi. Muhula huu ni mali ya nani?

WAKILI: Ni wako, Mama. Sheria hailitamki hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Zuio ni mkopo wa muda, na mkopeshaji ni mdai. Ndiyo maana Kanuni ya 11 inadai dhamana.

HAJI: Dhamana! Huko ndiko kwenye dhihaka yenyewe. Mnamwambia muflisi, aliyetangazwa muflisi kwa sababu hana kitu, aweke kitu. Basi zuio litampata nani? Litampata yule asiyefilisika kweli, mwenye benki ya kumwandikia barua.

WAKILI: Mahakama imeliona hilo. Katika shauri moja la mwaka 2010 ilisema dhamana si lazima iwe imekwisha kuwekwa mezani siku ya kusikilizwa. Ahadi thabiti ya kuiweka ndani ya muda uliopangwa yaweza kutosha. Lakini mimi naenda mbele zaidi. Dhamana isifasiriwe kuwa fedha taslimu tu. Mdaiwa aweza kuamriwa afungue vitabu vyake kila mwezi; asiuze kitu bila idhini; kiozacho kiuzwe na mfilisi na fedha zake zikae salama mpaka rufaa iishe; na, ikiwezekana, kutokana na fedha hizo, wadai wadogo wasioweza kungoja waangaliwe kwanza. Huyo maskini wa kweli anayaweza yote hayo. Mwenye hila ndiye atakayeyakimbia. Na liko jambo la pili. Penye dharura, Jaji mmoja aweza kutoa zuio la muda akimsikiliza mwombaji peke yake. Hapo tunachukua mali ya Mama pasipo kumuuliza. Mara nyingine hapana budi, lakini tusilifanye mazoea.

KARANI: Kwa hiyo hoja yangu ya upana na wembamba...

WAKILI: Samahani Mzee wetu, ilikuwa na kasoro. Mlango uwe wazi kwa kila mwenye sababu, lakini kila anayepita aulizwe: muda huu unaukopa kwa nani, na atarudishiwa nini?

Haji alikuwa akizungusha tasbihi yake. Akaisimamisha.

HAJI: Nitasema jambo ambalo sijapata kulisema hapa. Mimi niliwahi kupewa muhula, karibu miezi minane. Nikauita neema ya mahakama, nikatoa sadaka kwa shukrani. Katika miezi ile benki ililipwa riba yake, maana ilikuwa na rehani na wakili anayepiga simu kila wiki. Lakini vijana wa kupakia, na mzee wa barafu aliyenikopesha vipande kwa kuandika mkaa ukutani, sikuwalipa. Si kwa kuwadhulumu kwa nia. Hawakuwa na wa kupiga simu. Magari yalipouzwa mwishoni, ule ukuta ulikuwa umekwisha kupakwa chokaa. Qur'ani iliniagizia muhula kutoka kwa mdai, na ule wa mzee wa barafu niliuchukua bila kumwomba. Nilikuja hapa kuutetea mlango mpana, na bado nautetea. Lakini sasa najua nilipopita niliacha mlango umemlalia mtu.

Hakuna aliyejibu. Huko chini, taa za mitumbwi ya kwanza zilikuwa zimeanza kuonekana majini, moja, tatu, kisha kundi zima, kwani usiku ule ulikuwa wa giza. Mama wa Mwaloni akajifunga kitenge na kusimama.

KARANI: Mayu, unaondoka hukumu haijatolewa?

MAMA WA MWALONI: Mitumbwi hainingoji. Nyinyi toeni hukumu.

KARANI: Hukumu haiwezi kutoka upande mmoja umeondoka. Itabidi tuahirishe.

Akachukua kidaftari chake na kalamu ya risasi, akaandika tarehe, kwa mwandiko uleule mnyoofu wa dirishani. Mkono wake ukasita juu ya mstari uliofuata, akainua macho.

KARANI: Mayu, je, waridhia shauri liahirishwe?

MAMA WA MWALONI: Alhamdulillahi, leo nimeulizwa. Naridhia, mpaka giza lijalo. Na dhamana?

Karani akacheka, akapapasa chini ya mkeka, akampa tochi yake ya kumteremshia Mwaloni.